Gamba halitoshi: Namna vinasaba vinavyotumika kutambua spishi za chaza

Na Mwandishi Wetu

Wananchi wengi wamezoea kulisikia neno vinasaba, au DNA, katika habari za mahakamani na za hospitalini. Nchini Tanzania, uchunguzi wa vinasaba vya binadamu unaongozwa na sheria maalumu ya mwaka 2009, na jina la Mkemia Mkuu wa Serikali hutajwa kila panapotokea utata kuhusu mzazi wa mtoto au inapobidi kumtambua mtu aliyefariki katika ajali. Lisilofahamika sana ni kwamba uchunguzi wa aina hiyo hiyo, kwa zaidi ya miaka 30 sasa, umekuwa ukibadilisha ujuzi wa wanasayansi kuhusu kiumbe anayejulikana vyema na wakazi wa pwani yetu, yaani chaza.

Chaza ni kiumbe wa baharini mwenye mwili laini uliofunikwa na magamba mawili. Maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua, huonekana wamegandana na miamba, mizizi ya mikoko na nguzo za gati. Kwa familia nyingi za pwani ni kitoweo na chanzo cha kipato, na kazi ya kuwakusanya kwa kiasi kikubwa hufanywa na wanawake. Katika nchi kama China, Japani, Korea Kusini, Ufaransa na Marekani, ufugaji wa chaza ni shughuli kubwa ya kiuchumi.

Ufugaji huo hauwezi kwenda sawasawa bila jibu la swali moja la msingi: chaza huyu ni wa spishi gani? Jibu lisipokuwa sahihi, mfugaji anaweza kununua vifaranga visivyofaa, ugonjwa unaweza kuingizwa katika maji yaliyokuwa salama, na mradi wa kurejesha spishi iliyopungua unaweza kupanda spishi nyingine kabisa. Makala haya yanaeleza kwa nini gamba pekee halitoshi kutoa jibu, namna vinasaba vinavyosomwa, mafunzo yaliyopatikana katika nchi nyingine, na maana ya mambo hayo kwa pwani ya Afrika Mashariki.

Gamba linavyopotosha

Tangu mwaka 1758, mwanasayansi wa Sweden Carl Linnaeus alipompa chaza bapa wa Ulaya jina la Ostrea edulis, wataalamu waliwapanga chaza kwa kutazama magamba yao. Walipima urefu, upana na kina, wakachunguza rangi, mikunjo ya ukingo na alama inayoachwa na msuli unaofunga magamba. Kwa viumbe wengi wenye magamba njia hiyo hufanya kazi vizuri. Kwa chaza, hushindwa mara kwa mara.

Sababu ni maisha yake. Chaza anapoanza maisha huwa buu dogo linaloelea majini. Likipata mahali pagumu, hujigandisha kwa gamba la kushoto na halihami tena. Kuanzia hapo, gamba hukua kwa kufuata sura ya mahali lilipogandana. Juu ya mwamba ulio wazi huwa pana na bapa. Juu ya mzizi wa mkoko hujikunja kuufuata mzizi. Katika tope au katikati ya msongamano wa wenzake hurefuka na kuwa jembamba. Chaza wawili waliozaliwa na mama mmoja wanaweza kukua wakafanana na spishi mbili tofauti, na chaza wa spishi mbili wanaoishi kwenye mwamba mmoja wanaweza kufanana kama ndugu.

Jambo hili limechunguzwa hata jirani na kwetu. Mwaka 1992 watafiti walichapisha uchunguzi kuhusu uhusiano kati ya umbo la chaza na mazingira yake katika kijito cha mikoko cha Gazi, kusini mwa pwani ya Kenya. Chaza waliochunguzwa waliitwa wakati huo Crassostrea cucullata. Leo spishi hiyo imewekwa katika jenasi nyingine na huitwa Saccostrea cucullata. Badiliko hilo la jina ni ishara ya jinsi mpangilio wa chaza unavyoendelea kufanyiwa marekebisho.

Majina ya kawaida nayo huongeza mkanganyiko. Chaza wa lulu, ambao katika Ghuba ya Menai kisiwani Unguja wamekuwa wakifugwa na vikundi vya wanawake kwa ajili ya lulu nusu, wanaitwa chaza kama wenzao wa kwenye miamba. Hata hivyo, chaza wa lulu wako katika familia nyingine ya kibiolojia. Hawajigandishi kwa gamba, bali hujifunga kwa nyuzi.

Ushahidi wa vinasaba unavyopatikana

Vinasaba ni maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli za kila kiumbe hai. Maelekezo hayo huandikwa kwa mfuatano wa kemikali za aina nne, ambazo wanasayansi huziwakilisha kwa herufi nne: A, C, G na T. Mazingira yanaweza kulipinda gamba, lakini hayaupangi upya mfuatano huo. Kwa sababu hiyo vinasaba humtambulisha chaza hata pale umbo lake linapokuwa limebadilishwa na mahali alipokulia.

Kazi huanza kwa kukata kipande kidogo cha nyama ya chaza, mara nyingi kutoka kwenye msuli au matamvua, na kukihifadhi katika kileo kikali ili kisioze. Maabara huvitenga vinasaba na vitu vingine vilivyomo katika kipande hicho, kisha sehemu iliyochaguliwa hunakiliwa mara nyingi kwa njia ya PCR. Hii ni njia ile ile iliyojulikana na wananchi wengi wakati wa vipimo vya UVIKO-19. Baada ya hapo, herufi za sehemu hiyo husomwa moja baada ya nyingine na kulinganishwa na kumbukumbu zilizohifadhiwa katika hazina za kimataifa kama GenBank ya Marekani, ambayo iko wazi kwa watafiti wa nchi zote.

Sehemu inayotumika sana ni jeni iitwayo COI, iliyomo katika mitokondria, yaani chembe zinazozalisha nishati ndani ya seli. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada walipendekeza jeni hiyo itumike kuwatambua wanyama, mfano wa alama za mistari zinazotambulisha bidhaa dukani. Kipande kinachosomwa huwa na herufi takribani 650.

Kinachotafutwa ni ukubwa wa tofauti. Chaza wa spishi moja hutofautiana kwa herufi chache tu katika kipande hicho. Spishi zilizotengana zamani mara nyingi hutofautiana kwa asilimia 10 au zaidi. Panapokuwa na pengo kubwa kati ya tofauti za ndani ya kundi moja na tofauti za kundi hilo na jingine, mtaalamu hupata sababu nzito ya kusema kwamba hizo ni spishi mbili. Pengo linapokuwa dogo, kazi huwa ngumu zaidi, kama kisa kifuatacho kinavyoonesha.

Chaza wa Ureno aliyetoka Asia

Mwaka 1819, mwanasayansi wa Ufaransa Jean-Baptiste de Lamarck alimwelezea chaza aliyeishi kwa wingi katika mlango wa Mto Tagus nchini Ureno. Chaza huyo, ambaye sasa hujulikana kwa jina la angulata, akaitwa kwa kawaida chaza wa Ureno, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa ni mzaliwa wa huko. Mwaka 1868, meli iitwayo Morlaisien iliyokuwa imebeba chaza hao kuwapeleka Ufaransa ilikimbilia katika mlango wa Mto Gironde kwa sababu ya dhoruba. Shehena ilipodhaniwa kuwa imeharibika, ilimwagwa majini. Chaza waliokuwa bado hai wakazaliana, na ndani ya miongo michache wakawa tegemeo la wafugaji wengi wa pwani ya Atlantiki ya Ufaransa.

Huko Asia, mwanasayansi wa Sweden Carl Peter Thunberg alikuwa amempa chaza mkubwa wa Japani jina la gigas tangu mwaka 1793. Wataalamu walipowalinganisha chaza hao wawili katika karne ya 20, waliona magamba yao yanafanana mno, na walipowazalisha pamoja walipata watoto wenye uwezo wa kuzaa. Baadhi yao wakahitimisha kwamba hao walikuwa spishi moja, na kwamba tofauti pekee ilikuwa bara walikopatikana.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, ugonjwa wa matamvua uliohusishwa na virusi uliwaua chaza wa Ureno kwa wingi, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 ufugaji wao nchini Ufaransa ulikuwa umeporomoka. Serikali na wafugaji wakaagiza chaza wa gigas kutoka Japani na pwani ya magharibi ya Kanada. Chaza hao walistahimili ugonjwa uliowamaliza wenzao, na hadi leo ndio msingi wa ufugaji wa chaza nchini humo. Viumbe ambao magamba yao hayakuweza kuwatofautisha walitofautishwa na ugonjwa.

Swali la asili yao lilijibiwa mwaka 1998, pale makundi mawili ya watafiti yalipochapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya mitokondria. Ilionekana kwamba chaza wa Ureno wanatofautiana na gigas wa Japani kwa kiasi kidogo lakini kisichobadilika, na kwamba wanalingana na chaza wanaoishi Taiwan. Chaza aliyepewa jina la Ureno alikuwa mhamiaji kutoka Asia. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba aliletwa na meli za wafanyabiashara zilizokuwa zikisafiri kati ya Asia na Ureno, pengine akiwa amegandana na sehemu za chini za meli hizo.

Vifaranga vilivyochanganyika

Kisa cha pili kinahusu chaza mdogo wa Kumamoto, aliyepewa jina la sikamea mwaka 1928 nchini Japani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, chaza huyo alipelekwa Marekani, ambako alipendwa kwa ladha yake na akawa na bei nzuri. Vifaranga vyake vilizalishwa katika vituo vya pwani ya magharibi, sehemu ambayo gigas pia wanafugwa kwa wingi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti walichunguza vinasaba vya chaza wazazi waliokuwa wakitumika kuzalisha vifaranga hivyo. Waligundua kwamba baadhi yao hawakuwa Kumamoto halisi, bali machotara waliotokana na kuchanganyika na gigas. Kwa macho, mchanganyiko huo haukuwa rahisi kuonekana. Laiti usingegunduliwa, kila kizazi kingeendelea kuipoteza spishi iliyokuwa ikiuzwa kwa jina hilo. Wazalishaji walilazimika kuwapima wazazi kabla ya kuwatumia. Aidha, kulikuwa na hofu kwamba chaza huyo alikuwa karibu kutoweka kwao Japani, lakini uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 1999 ulithibitisha kwamba bado yupo kwa wingi katika Bahari ya Ariake.

Kisa hiki kina funzo la kiufundi. Mitokondria hurithiwa kutoka kwa mama. Yai la sikamea linaweza kurutubishwa na mbegu ya kiume ya gigas, ilhali mbegu ya kiume ya sikamea hairutubishi yai la gigas. Kwa hiyo chotara wa namna hiyo hubeba mitokondria ya sikamea, na akipimwa kwa jeni za mitokondria pekee huonekana kuwa halisi. Ili kumbaini, ni lazima zipimwe pia jeni zilizomo katika kiini cha seli, ambazo hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili.

Spishi zilizojificha nyuma ya jina moja

Nchini China, katika eneo la mlango wa Mto Pearl, wakazi wamekuwa wakifuga chaza kwa karne nyingi. Hata hivyo, chaza anayefugwa sana huko hakuwa na jina lake la kisayansi hadi mwaka 2003. Kabla ya hapo alichanganywa na spishi nyingine za Asia zinazofanana naye. Katherine Lam na Brian Morton wa Hong Kong walitumia ushahidi wa vinasaba pamoja na maelezo ya gamba na mwili kuthibitisha kwamba ni spishi ya pekee, wakaiita Crassostrea hongkongensis. Walaji na wafugaji walimfahamu kwa vizazi vingi kabla ya sayansi kumpa jina.

Katika pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini hali ilikuwa kinyume. Huko majina mawili yaliyotolewa katika karne ya 19, Ostrea conchaphila ya mwaka 1857 na Ostrea lurida ya mwaka 1864, yaliunganishwa mwaka 1985 kwa hoja kwamba ni spishi moja. Mwaka 2009 uchunguzi wa vinasaba ulionesha kwamba majina yote mawili yalistahili kubaki: lurida ni chaza wa kaskazini, na conchaphila ni wa kusini, katika pwani ya Mexico. Jambo hilo lilikuwa na uzito kwa kuwa chaza wa kaskazini alikuwa amepungua sana kutokana na kuvunwa kupita kiasi na uharibifu wa mazingira, na miradi ya kumrejesha ilikuwa ikiendelea. Mradi wa namna hiyo hauwezi kuchagua wazazi wa vifaranga bila kujua mpaka wa spishi uko wapi.

Wakati mwingine vinasaba huunganisha kile ambacho ramani imekitenganisha. Mwaka 2002 ilithibitishwa kwamba chaza wa mikoko wa Afrika Magharibi, Crassostrea gasar, anayekusanywa na wanawake katika nchi kama Senegali na Gambia, anapatikana pia ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, katika pwani ya Amerika Kusini.

Mipaka ya ushahidi wa vinasaba

Haitakuwa sahihi kudhani kwamba maabara humaliza kila mjadala. Kuhusu chaza wa Ureno na gigas, tofauti ya jeni ya COI kati yao ni takribani asilimia 2 hadi 3 tu, na wanaweza kuzaliana. Baadhi ya wataalamu wanawaona kuwa spishi mbili, wengine wanaona kwamba wa Ureno ni nususpishi ya gigas. Takwimu za vinasaba ni zile zile. Kinachobishaniwa ni mahali pa kuweka mpaka.

Mjadala mwingine unahusu jenasi. Mwaka 2017 wanasayansi wa Italia, Daniele Salvi na Paolo Mariottini, walitumia ushahidi wa vinasaba kupendekeza kwamba chaza wa Pasifiki, akiwemo gigas, waondolewe katika jenasi ya Crassostrea na kuwekwa katika jenasi mpya ya Magallana, jina linalomkumbuka baharia Ferdinand Magellan. Mwaka huo huo kundi la wataalamu lilichapisha pingamizi, likieleza kwamba ushahidi uliotumika haukutosha na kwamba kubadili jina la kiumbe mwenye thamani kubwa kibiashara kungeleta mkanganyiko katika sheria, biashara na utafiti. Ndiyo maana hadi leo chaza huyo huyo huandikwa Magallana gigas katika baadhi ya nyaraka na Crassostrea gigas katika nyingine. Afisa anayekagua kibali au cheti cha afya cha shehena hana budi kufahamu kwamba majina hayo mawili ni ya kiumbe mmoja.

Teknolojia nayo imeendelea kupanuka. Mwaka 2012, watafiti wakiongozwa na Taasisi ya Oseanolojia ya Chuo cha Sayansi cha China, iliyoko Qingdao, walichapisha ramani ya vinasaba vyote vya gigas, ambavyo vina jeni takribani 28,000. Kazi hiyo ilionesha pia kwamba chaza ana jeni nyingi za kumlinda dhidi ya joto na ukavu anaokutana nao maji yanapokupwa. Kadiri usomaji wa vinasaba vyote unavyokuwa wa gharama nafuu, wataalamu hawalazimiki tena kutegemea jeni moja au mbili pekee. Pamoja na hayo, utambuzi bora bado ni ule unaojumuisha vinasaba, umbo la mwili, namna ya kuzaliana na mazingira ya kiumbe.

Maana yake kwa pwani yetu

Chaza anayeonekana sana kwenye miamba na mikoko ya Afrika Mashariki huitwa Saccostrea cucullata. Sehemu ya pili ya jina hilo ilitolewa mwaka 1778 na Ignaz von Born. Kwa muda mrefu jina hilo moja lilitumika kuanzia pwani yetu hadi visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Mwaka 2006, Lam na Morton walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mitokondria vya chaza wa miamba kutoka sehemu mbalimbali za eneo hilo. Walibaini kwamba nyuma ya jina hilo kuna nasaba kadhaa, zilizotengana kiasi cha kuweza kuhesabiwa kuwa spishi tofauti.

Matokeo hayo yana maana ya moja kwa moja kwa mipango ya ukuzaji viumbe maji. Taarifa kuhusu kasi ya ukuaji, msimu wa kuzaa au uwezo wa kustahimili ugonjwa zilizokusanywa Asia ya Mashariki kwa jina la cucullata si lazima zimhusu chaza wa Bagamoyo, Pemba, Mafia au Mtwara. Vivyo hivyo, vifaranga vinavyoletwa kutoka nchi nyingine kwa jina hilo hilo vinaweza kuwa vya nasaba nyingine, na vikizaa vinaweza kuchanganyika na chaza wa asili au kushindana nao.

Hatari ya kuingiza spishi ngeni si ya kufikirika. Chaza wa gigas waliingizwa nchini Uholanzi mwaka 1964 kwa ajili ya ufugaji katika eneo la Oosterschelde, kwa matumaini kwamba maji ya baridi yangewazuia kuzaliana. Walizaliana, wakaenea nje ya mashamba hadi Bahari ya Wadden, na sasa hawawezi kuondolewa. Chaza jike mmoja huweza kutoa mamilioni ya mayai kwa mara moja, na mabuu yake huelea na mkondo wa maji kwa majuma mawili hadi matatu kabla ya kujigandisha. Kosa lililofanyika katika ghuba moja haliwezi kufungiwa katika ghuba hiyo.

Nchini Tanzania, uvuvi na ukuzaji viumbe maji kwa upande wa Bara husimamiwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na Zanzibar ina wizara yake yenye dhamana ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Utafiti hufanywa na vyombo kama Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar. Nchini Kenya, kazi kama hiyo iko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI). Kwa kuwa mabuu ya chaza hayatambui mipaka ya nchi, taarifa za vinasaba zinazokusanywa upande mmoja wa mpaka huwa na manufaa kwa upande wa pili.

Mambo ya kuzingatia

Mwananchi hahitaji maabara ili kushiriki katika kazi hii. Kikundi kinachokusudia kuanza ufugaji wa chaza kinashauriwa kuanza na chaza wa eneo lake, na kumwona afisa uvuvi wa wilaya kabla ya kununua au kupokea vifaranga kutoka mahali pengine. Muuzaji wa vifaranga aulizwe jina la kisayansi la spishi, mahali wazazi walikotoka, na kama wamepimwa vinasaba au la. Jina la kibiashara pekee lisikubaliwe kuwa jibu.

Chaza hai wasihamishwe kutoka pwani moja kwenda nyingine bila idhini, hata kama wanaonekana kuwa wa aina moja. Anayeona chaza wa umbo au rangi isiyo ya kawaida, au vifo vya wengi kwa wakati mmoja, atoe taarifa mapema na asiwatawanye. Watafiti wanapofika kuomba sampuli, wakusanyaji wenye uzoefu ndio wanaojua chaza gani huzaa lini, yupi hukaa juu ya mwamba na yupi hukaa chini ya mizizi. Maelezo hayo yakiandikwa pamoja na mahali na tarehe ya kila sampuli, huyapa matokeo ya maabara maana ambayo herufi nne za vinasaba haziwezi kuitoa zenyewe.

Wafugaji wa Ufaransa walijua tofauti ya chaza wao baada ya ugonjwa kuteketeza mashamba, na Wamarekani walijua baada ya vifaranga kuchanganyika. Pwani ya Afrika Mashariki bado ina nafasi ya kuwatambua chaza wake kabla ya ufugaji kupanuka. Gharama ya kupima sampuli chache mwanzoni mwa mradi ni ndogo ikilinganishwa na ile ya kurekebisha kosa ambalo limekwisha kuzaliana baharini.